Skrini ya Wifi Rahima

Kwanza mjue kwamba mimi ni wifi yake, na wifi hamsifu wifi bila kumchoma kidogo. Rahima ni mkaidi. Ana uso wa upole, huitika "abee" hata akiitwa na mtoto, lakini akishasema hapana, bora ukauombe ukuta. Tunaishi ua mmoja hapa Timbwani, mlango wangu na wake imetazamana, na katikati kuna kamba ya nguo na bomba linalotoa maji likitaka. Aliolewa na kaka yangu Ishaka, akaachwa na kaka yangu Ishaka, na marehemu mama yetu akasema aondoke Ishaka, mke abaki. Akabaki. Talaka ilikuwa yao wawili, mimi haikunihusu.

Kazi yake ni kupiga video za kupamba. Asiyejua mambo yetu nimweleze. Kupamba ni siku ya wanawake watupu. Bibi harusi hukaa jukwaani nywele wazi, mikono imejaa hina, na sisi wengine tumevua mabuibui tunacheza kama hatujapata kuzaa. Mwanamume hakanyagi. Mlangoni hukaa mama mmoja mkali na kikapu chake, akikusanya simu zote na kumpa kila mtu kijikaratasi cha namba. Kamera inayoingia ni moja tu, ya Rahima.

Siku ya pili yake humwita mama wa bibi harusi nyumbani. Huzihamishia picha zote ndani ya kompyuta mbele ya macho yake, kisha hufuta kila kilichomo kwenye kamera, mama akiona, na kumwambia maneno yaleyale: "Hii ni amana. Hapana mwanamume atakayeiona, awe fundi, awe ndugu." Akishaikatakata na kuiunganisha, huikabidhi na kufuta na zilizobaki kwake. Kwa hiyo kwa wiki moja au mbili, harusi nzima ya mtu huwa iko mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile kasha jeusi chini ya meza ya Rahima.

Na chumba chenyewe ni jela. Dirisha alilipigilia ubao, juu ya ubao akatundika pazia zito. Mlango una makomeo mawili. Nje ya mlango kumetundikwa kikapu, na kila aingiaye hutia simu humo, hata mimi, hata mama enzi za uhai wake. Kwa kuwa chumba kisichopata hewa hunuka, na Rahima hawezi harufu mbaya, chetezo cha udi hakizimiki. Mimi nikikaa humo dakika kumi hutoka nimechemka kama kiazi.

Nilikuwa nikimcheka. "Wifi, hizo ni video za harusi ama ni dhahabu ya serikali?" Ana sababu zake, na sababu nazijua kuliko mtu yeyote.

Miaka saba iliyopita, kwenye kupamba kwake mwenyewe, simu moja ilikipita kile kikapu. Ilipiga picha moja tu, Rahima jukwaani anacheka, nywele zimemfika kiunoni. Mwenye simu alimpelekea binamu yake kule Diani, kwa furaha tu, atazame bibi harusi wetu alivyo mzuri. Binamu akampelekea shoga yake. Wiki haikwisha, picha iko kwenye simu za wanaume waliokaa kungoja feri, na mmoja wao akamwonyesha Ishaka bila kujua ni mke wa nani. Kaka yangu hakumpiga wala hakumtukana. Alimwuliza tu, kila siku kwa miezi minane: "Nani mwengine ameiona?" Kisha akamwacha.

Simu ile ilikuwa yangu. Niliificha ndani ya mkoba wa nguo za mtoto. Sikumwambia mtu, si mama, si Ishaka, si Rahima. Nilimpikia uji siku alizokuwa hali, nikamfulia, nikamtukania huyo mshenzi aliyepiga picha, na kila tusi likirudi kwangu mwenyewe.

Sasa ndipo mwaelewa.

Jumanne moja mwaka huu, baada ya adhuhuri, nilisikia ananiita. Hakuita kwa nguvu, lakini sauti ilikuwa imepauka. Nikatia simu kikapuni, nikaingia. Rahima amekaa mbele ya skrini, na skrini nyeusi tititi. Taa ndogo ya kasha inawaka, mashine inavuma, picha hakuna.

"Nilikuwa nafika mwisho," akasema. "Mbeyu anaondoka jukwaani. Kiza."

Mbeyu ni binti wa Bi Jalila wa mtaa wa nyuma. Jumamosi alikuwa anasafiri na mumewe kwenda Maskati, na video alitakiwa aondoke nayo. Yaani mwisho ulikuwa Ijumaa.

Tulifanya ya wajinga kwanza. Tukachomoa waya, tukapuliza, tukachomeka. Tukazima, tukawasha. Mashine ikatoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kama kifaranga aliyekanyagwa, kisha kimya. Nikaleta king'amuzi cha televisheni yangu, tukakiunganisha na skrini yake, na palepale akatokea mtu akitangaza hali ya hewa. Basi skrini nzima, waya mzima. Mgonjwa ni kasha.

Rahima akampigia Nicanor, fundi wa bara mwenye kibanda kwenye barabara ya kushukia feri, ndiye aliyemuuzia mashine hiyo ikiwa mkono wa pili. Simu ya Rahima peke yake ndiyo iruhusiwayo humo ndani, nayo haina kamera, ni ile ya vitufe.

"Iwashe nisikie, madam," akasema Nicanor. Rahima akaiwasha, akashusha simu karibu na kasha. Mashine ikalia vile vile. "Aa! Huyo ni kadi ya picha analia. Ni kile kipande iko ndani kinapelekea skrini picha. Na hiyo machine haina njia ingine, hiyo kadi ikikataa, umekuwa kipofu. Niletee."

"Haiji," akasema Rahima.

"Basi nikuje mimi."

"Wala wewe huji."

"Sasa madam, tutaiombea ama?"

"Niambie la kufanya, nitafanya mwenyewe."

Akamwambia achomoe umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia mpaka nguvu iliyobaki iishe, afungue ubavu wa kasha. Rahima alifungua skurubu kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi. Ubavu ukatoka, na harufu ikatoka nao, ya udi na moto na vumbi la zamani. Ndani kulikuwa kweusi kama jungu la harusi. Nicanor akamwambia aing'oe kadi. Rahima akaweka vidole juu yake, akavirudisha. Akaviweka tena.

"Siwezi," akasema. "Nikivunja kitu? Ikipotea?" Akamkatia Nicanor simu.

Tulikaa humo, wanawake wawili na kasha lililofunguliwa tumbo. Kulipeleka kwa fundi hawezi, ameapa. Kumleta fundi hawezi, ameapa. Kumwambia Bi Jalila hawezi, maana kamera imeshafutwa mbele ya macho yake, na hakuna harusi ya pili ya kwenda kupiga. Jasho lilikuwa likimchuruzika mgongoni, nikamwambia afungue mlango walau, akakataa. Nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka nani aliyempigilia ubao dirisha lile, nikaushusha mkono.

Jumatano Bi Jalila akaja. Tulimsikia toka lango la ua.

"Hodi wenyewe!"

Rahima akatoka, akavuta mlango nyuma yake. "Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nimepita tu. Video yetu i tayari?"

"Inshallah Ijumaa."

Bi Jalila si mjinga. Alimtazama macho, mekundu, akatazama mlango uliofungwa. "Kuna nini, Rahima?"

Rahima hajui kusema uongo, ndilo balaa lake jengine. "Mashine imekataa kuonyesha, mama. Lakini video imo."

"Ah, ndilo hilo tu? Ahmad wangu yuko nje na gari. Alibebe hilo kasha sasa hivi, alipeleke Kisiwani kwa mafundi wa maana." Na akageuka kumwita mwanawe, kwa wema kabisa.

"Hapana mama!" Rahima akaukingama mlango kwa mikono yote miwili. "Si Ahmad."

"Ni kaka yake Mbeyu."

"Ni mwanamume, mama. Naye huko atampa mwanamume mwengine. Mimi nilikuahidi."

Hapo wema ukamtoka Bi Jalila. "Wanifundisha dini, wewe? Ama video imepotea, wanizungusha? Niambie, kama imepotea niambie nijue la kumwambia mwanangu." Majirani walishaanza kutoka na mabeseni yasiyo na nguo. "Ijumaa, Rahima. Ijumaa baada ya sala naja hapa, na kama hakuna, mtaa mzima utajua kazi yako ilivyo."

Akaenda. Rahima aliingia ndani, akafunga makomeo yote mawili, na hakunifungulia hadi magharibi. Nilikaa kwenye kizingiti changu nikiutazama ule mlango. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyemfungia humo, na ufunguo ninao mdomoni, na mdomo haufunguki.

Alhamisi asubuhi nikachoka. Uchungu ukizidi kwangu hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwendea Nicanor kibandani kwake peke yangu, bila salamu.

"Wewe fundi! Mnajidai mwajua kila kitu. Kwenye hiyo mashine kuna wanawake vichwa wazi, wa watu, na wifi yangu ameapa hakuna mwanamume atakayewaona. Sasa nieleze, fundi mwanamume ataitengenezaje bila kuwaona?"

Nicanor aliniangalia, bisibisi mkononi. Nikangoja acheke nipate wa kugombana naye. Hakucheka.

"Si mngesema tangu Jumanne, mama," akasema. "Picha haziko kwa kadi. Kadi inaonyesha tu, haiweki kitu. Picha zote ziko kwa diski, kidude cha chuma hivi, kimefungwa na skurubu nne na waya mbili. Mtoe diski mbaki nayo. Mniletee kasha tupu. Nikiitengeneza itaniwashia tu maandishi yake, basi. Hata nikitaka kuona, nitaona nini?"

Siku mbili! Siku mbili tumekaa tukiogopa macho ya fundi kwenye skrini isiyoonyesha kitu, na tiba yenyewe skurubu nne. Nilirudi mbio, kandambili moja ikakatika njiani nikaiacha.

Rahima alinikasirikia kwanza kwa kusema siri ya watu nje. Kisha akainama kwenye kasha, akaitafuta diski kama nilivyoelekezwa, na kwa kisu kilekile cha viazi akaitoa. Aliishika kwa mikono miwili. Ilionekana nzito kuliko nilivyodhani.

"Kasha nitakwenda nalo mimi," akasema. "Nataka nione anavyofanya, siku nyengine nisifungike hivi. Lakini hii haivuki mlango wa fundi." Akanyoosha mkono. "Shika wewe."

"Mimi?"

"Nani mwengine?"

Nilivua leso yangu ya juu, tukaifunga ile diski tumboni kwangu, raundi tatu, kama mzazi anavyofungwa mkaja. Nikavaa buibui juu. Tukachukua tuktuk.

Alipoingia kibandani na kasha lake, mimi niliketi ng'ambo ya barabara kwa Caroline, mama wa chai, kwenye benchi. Nilikaa hapo muda wa saa mbili na nusu. Watu wanashuka kuwahi feri, wanapanda kutoka feri, kila mwanamume anayepita namwona kama anajua nilichobeba. Caroline akanipa chai, sikuinywa. Chuma kilikuwa kimeshika joto la mwili wangu, na nilihisi pembe zake nne ubavuni kila nikivuta pumzi. Nilikuwa na simu yangu mkononi, ya kisasa, kamera tatu. Mbeyu wa watu tumboni, simu mkononi, na aliyeniacha navyo vyote viwili kwa moyo mmoja ni Rahima. Nikaanza kulia hapo benchini. Caroline akadhani nina mimba, akanihamishia kivulini.

Ng'ambo, nilimsikia Nicanor anauliza kwa sauti, "Madam, kwani hii machine inavuta sigara?" Alikuwa ameing'oa kadi; mengine alinisimulia Rahima baadaye. Moshi wa udi ulikuwa umegandamana kwenye feni yake mpaka ikaacha kuzunguka, na chumvi ya bahari imeota kwenye yale meno ya shaba yanayoingia kwenye tundu. Akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, kifutio cha mtoto wa shule, akaipiga brashi na spiriti, akatia feni nyengine, akairudisha. Mlio mmoja mfupi tu. Maandishi meupe yakajitokeza, na Rahima akaweka kiganja mdomoni.

"Na kuna kitu ingine," akamwambia. "Hii ilikosa hewa. Ukiifungia hivyo tena itakufa, na hiyo siku sitaweza kitu. Fungua dirisha."

Tulirudi kwa tuktuk. Mlangoni kwake nilitia simu kikapuni, nikaingia, nikaanza kuifungua leso. Mafundo yalikuwa yamekaza. Rahima akapiga magoti kunisaidia, na hapo, kichwa chake kikiwa chini sioni uso, mdomo wangu ukafunguka.

"Wifi. Ile simu ya kwenye harusi yako..."

"Najua," akasema. Hakuacha kufungua fundo.

"Wajua nini?"

"Picha ilipigwa kutoka kushoto ya jukwaa, kutoka chini. Mpigaji alikuwa ameketi. Kushoto walikaa watu wa kwa bwana harusi, na mstari wa mbele alikuwa mama na wewe. Mama hakuwa na simu." Fundo likafunguka. "Nimeitazama picha ile mara nyingi, Mwanasaumu. Ndivyo nilivyojifunza kazi hii."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ileile."

Miaka saba. Uji wangu wote aliokunywa, matusi yangu yote aliyoyasikia. "Mbona hukuniambia?"

Akanyanyuka na diski mkononi. "Mume nilishaona anakwenda. Ningekwambia, nawe ungekwenda, kwa haya. Ningebaki na nani kwenye ua huu?"

Nikamwambia nisamehe. Neno lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwepo, lakini sikuwa na jengine. Alirudisha diski mahali pake, akakaza skurubu nne, akawasha. Skrini ikamtoa Mbeyu, mkono hewani, anashuka jukwaani, palepale tulipomwacha Jumanne. Rahima alimtazama kitambo, kisha akanipa nyundo.

"Ng'oa ule ubao."

Niliung'oa, misumari yote tisa. Upepo ukaingia na pazia likaruka. Akaigeuza meza, skrini ikaelekea ukutani na mgongo wake dirishani, akanituma nje nikae chini ya dirisha nimfukuze yeyote atakayechungulia. Nilikaa hapo hadi giza, na asubuhi tena. Niliwafukuza paka wawili na muuza vyungu.

Ijumaa baada ya sala Bi Jalila akaja, uso umekunjwa tayari kwa vita. Rahima akamkabidhi video, kisha akamwomba aingie ashuhudie akifuta zilizobaki. Bi Jalila akasimama kizingitini kwanza.

"Nimesikia mashine ilikwenda kwa fundi. Na video ilikuwa wapi?"

"Alikuwa nayo wifi yangu," akasema Rahima. "Mwilini mwake. Haikuonekana na mtu."

Bi Jalila akanitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. "Basi ilikuwa kwa mwaminifu."

Nilitamani ardhi inimeze. Rahima hakunitazama, wala hakulipunguza neno lile. Bi Jalila akatia simu yake kikapuni, akaingia. Nami nikanyoosha mkono na yangu.

"Wewe ingia nayo, wifi," akasema Rahima kutoka ndani.

Nikaitia kikapuni, nikaingia.